Nitakuja Stendi, na Nitapiga Makofi

Kizito mwanangu,

Wewe uko mjini unaaga rafiki zako, nami nimesogeza meza dirishani ili niandike kabla mwanga haujaisha. Begi lako la chuo liko mlangoni. Mama yako amelifunga, amelifungua, amelifunga tena. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za soksi, wala za kuchunga mifuko yako njiani. Hayo mama yako ameshayasema, na asubuhi atayasema upya kana kwamba hujawahi kuyasikia.

Nakuandikia kwa sababu leo mchana ulisema jambo na sikukujibu. Ulisema, "Baba, kesho usije stendi. Washikaji watakuwepo." Mdogo wako Leokadia aliacha kutafuna. Mama yako alinitazama, akasubiri mimi mwalimu nianze kufundisha. Nikaongeza mboga. Wewe ukadhani nimekubali.

Sikukubali. Lakini ili unielewe, inabidi nikurudishe kwenye ile safari ya Dar es Salaam, ile ambayo baba yako mkubwa Gaspari hadi leo anaiita "safari ya bembea".

Unakumbuka ilianzaje. Ulikuwa kidato cha tatu, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kigeni. Madukani mjini zilijaa sabuni ambazo hatukujua hata majina yake, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na mabanda ya video yalifunguliwa hata kwenye mitaa isiyo na maji. Ninyi wawili mlianza kupotea nyumbani. Sisemi mlikuwa wabaya. Mlikuwa mnakua tu. Wewe ulikuwa ukila umesimama. Leokadia alikuwa akijibu maswali yangu kwa mabega. Nilikuwa nafundisha watoto wa watu fizikia kutwa nzima, halafu narudi nyumbani na sijui hata wimbo mnaoupenda.

Ndipo siku moja ukamsimulia mdogo wako, nami nikiwa nyuma ya mlango, kwamba nje ya Dar kuna mfanyabiashara amefungua kiwanja cha michezo: gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, magari ya umeme ya kugongana, maji ya kuteleza. Ulisimulia kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ulipoacha kunishika mkono kwenda kanisani. Nikasema moyoni, tunakwenda. Posho ya kusahihisha mitihani ilikuwa imetoka. Wenzangu walinunua bati. Mimi nilikata tiketi.

Likizo ile iliangukia wakati wa kuvuna ulezi, na wewe unajua maana yake kwetu. Siku mtu anapoita watu shambani, kila nyumba hutoa mikono. Pombe imeshapikwa, visu vimenolewa, na anayekosekana huonekana kabla ya anayefika. Gaspari alikuwa ameita watu shambani kwake Msanzi wiki ileile. Nilikwenda kumwambia uso kwa uso.

"Unawapeleka watoto kupanda bembea?" akauliza.

"Ndiyo, kaka."

"Hao wenye ndevu?"

"Ni mmoja tu mwenye ndevu, nazo tano."

Hakucheka. Akasema, "Bembea ni ya mtoto anayenyonya kidole. Hawa umri wao ni kisu na jembe. Ungewapeleka walipokuwa wadogo."

 Jibu lake ninalo leo, baada ya miaka mitatu. Mtoto mdogo hahitaji kupelekwa popote ili awe nawe. Mpe kopo tupu uani, mtacheza wote hadi magharibi. Huyu mkubwa, huyu anayekula amesimama, ndiye unayepaswa kumfuata hata juu ya gurudumu, maana siku zake nyumbani zimebaki kidogo na yeye mwenyewe hazihesabu. Watu hufanya kinyume. Wanacheza na mtoto akiwa hana habari, na akipata habari wanampa jembe na kumwacha.

Basi tukaenda. Vumbi la Laela, foleni ya Tunduma, usiku wa Mbeya tukitetemeka stesheni, kisha treni. Ulikaa kiti cha dirishani na kofia imegeuzwa nyuma, ukitazama nje kama mtu anayesafiri peke yake. Sikukusumbua. Nilikuwa natayarisha ratiba.

Ratiba ile ndiyo iliyokuwa kosa langu la kwanza, na nalikiri huku nikicheka. Tulipoingia kiwanjani asubuhi, niliwapanga kama darasa. Kwanza farasi wa kuzunguka, kisha ndege, kisha treni ndogo, gurudumu saa sita, wote pamoja, hakuna kubaki nyuma. Na kabla ya kila mchezo nilieleza. Niliwaeleza kwa nini mtu hasukumwi nje bali mwili wake unataka kwenda moja kwa moja. Nilichora mchangani kwa kijiti. Watu walitupita kushoto na kulia, wanakwenda kupanda, sisi tumesimama tunajifunza kuhusu wanachokwenda kupanda.

Leokadia akasema, "Baba, tumekuja kucheza au kufanya mtihani?"

Mama yako, aliyekuwa amebeba kapu la mahindi ya kuchemsha kichwani tangu getini, alilishusha, akakaa kwenye benchi chini ya mti wa mkungu karibu na banda la soda, akasema, "Mwalimu, kipindi kimeisha. Kengele imelia."

Akanipokonya kile kijiti, akakivunja. Kisha akawageukia ninyi: "Nendeni mnakotaka. Mkichoka, mkiumia, mkiona njaa, mkigombana, mimi niko hapa. Benchi hili halihami."

Mkaondoka kama kuku waliofunguliwa. Nilijifunza jambo pale ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Nilidhani kuwa pamoja ni kuandamana. Mama yako alijua kwamba mtoto mkubwa huwa karibu nawe zaidi anapojua benchi lako liko wapi kuliko anapolazimishwa kulikalia. Ndani ya saa moja mlikuwa mmerudi mara tatu, bila kuitwa. Mara ya tatu wewe ndiye uliyesema, "Baba, njooni basi kwenye gurudumu. Wote." Ulilisema hilo ukitazama pembeni, lakini ulilisema.

Sasa nafika pale ambapo wewe na mimi hatujawahi kuzungumza.

Mlangoni mwa gurudumu aliketi mzee mwenye mvi, anapokea tiketi. Sisi ni watu wa Ufipa, na aliyetulea hakutufundisha kumpita mzee kwa kumnyooshea karatasi. Mama yako alichuchumaa, akapiga makofi yetu yale ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama anavyofanya kila siku mbele ya bibi yako. Leokadia akachuchumaa pembeni yake. Mimi nikainama, nikapiga. Foleni nzima ikasimama.

Yule mzee alitutazama, akatazama nyuma yake, akauliza, "Mnampigia nani?"

"Wewe, baba," mama yako akasema. "Shikamoo."

"Marahaba! Ala, leo nimekuwa waziri."

Hapo vijana waliokuwa nyuma yetu wakapasuka. Mmoja akapaza sauti, "Oya, washamba, hapa bembea, sio kanisani!" Mwingine akasema, "Mzee anapiga makofi kabla mechi haijaanza!" Mwingine akauliza kama tunasali ili lisianguke.

Nilitafuta uso wako nikakukosa. Ulikuwa umerudi nyuma kwenye foleni, umesimama na mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo, kofia umeivuta hadi kwenye nyusi. Na nilimsikia yule kijana wa kwanza akikuuliza, "Wale ndugu zako?" Na nilikusikia ukisema, "Siwajui."

Sikukuita. Mama yako alisikia pia, maana mkono wake ulisimama hewani kati ya kofi na kofi. Kisha akamalizia salamu yake, akainuka, akapangusa magoti, tukaingia kwenye kikapu chetu cha gurudumu. Wewe ulipanda vikapu kadhaa nyuma yetu, na yule mama na wanawe.

Nataka ujue nilichowaza tulipoanza kupanda. Sikuwaza kwamba una dhambi. Kijana wa miaka kumi na sita ana ngozi nyembamba kuliko mtoto mchanga. Niliwaza kwamba labda Gaspari alikuwa na haki. Nimemvusha mwanangu nchi nzima ili anikane mbele ya watu nisiowajua. Leokadia alikuwa akipiga kelele za furaha, mama yako amefumba macho anataja watakatifu mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa katikati kama mzigo.

Tulikuwa mzunguko wa nne, nadhani, umeme ulipokatika. Mgao, kama ilivyokuwa desturi ya mwaka ule. Muziki ulizimika ghafla, gurudumu likaguna, likasimama. Sisi tulikwama ubavuni, chini kidogo. Wewe ulikuwa juu kabisa.

Kwa muda watu walicheka. Kisha upepo wa bahari ukaanza kukitikisa kikapu chako. Wale watoto wakaanza kulia, na mama yao akaanza kuomba msaada kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha. Wale vijana waliotucheka walikuwa wamekwama vikapu viwili nyuma yetu, vicheko vimewaisha. Nilikuona umeshika chuma kwa mikono yote miwili, kofia imeshapeperuka.

Nilijua kila kitu kuhusu lile gurudumu, Kizito. Nilijua halitaanguka. Nilijua watalizungusha kwa mikono, kikapu kimoja kimoja, na kwamba uzito wetu wenyewe ungewasaidia. Nikafungua mdomo nikuelezee, nikaona kwamba maneno yatapeperushwa na upepo, na kwamba hata yangefika, hukuhitaji somo. Isitoshe, ningekuitaje? Ulikuwa umeshasema hunijui. Kukuita kwa jina mbele ya wale vijana kungekuwa kukuvua nguo.

Basi nikapiga makofi. Yaleyale, viganja vimekunjwa, taratibu. Mama yako akafumbua macho, akanielewa bila kuuliza, akapiga. Leokadia akapiga. Tulipiga, tukanyamaza, tukapiga tena, kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu na hajui kama kuna mtu ndani.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ulikuja mlio kutoka juu. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika chuma, kwa hiyo ulipiga paja lako. Kisha ukaachia chuma, ukapiga kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyejua kilichotokea isipokuwa sisi wanne. Wale watoto wawili walidhani ni mchezo, wakaacha kulia wakakufuatisha. Chini yule mzee wa tiketi akasikia, akainua uso, naye akapiga. Hadi wanaume wa jenereta walipomaliza kuvutana na mashine yao na kuamua kulizungusha gurudumu kwa mikono, tulikuwa tunasalimiana, wewe juu na sisi chini, na bahari, ambayo hakuna aliyeitazama, imelala pembeni.

Uliposhushwa ulikuja hadi kwenye benchi. Mama yako alisogea kukupa nafasi, nami nilijikaza nisianze somo, na kwangu hilo ni kazi kubwa kuliko kulima. Ukauliza, "Mahindi yamebaki?" Ukakaa kati yetu. Ukala mahindi matatu. Umeme uliporudi ukanishika mkono ukanivuta kwenye magari ya kugongana, na ukanigonga, Kizito, ukanigonga kwa nguvu zako zote, kutoka nyuma, kutoka ubavuni, hadi miwani yangu ikaruka. Nami nikakugonga. Mama yako, ambaye hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, alitugonga sote wawili akatubana ukutani, akasema, "Nani mshamba sasa?" Sijawahi kucheka vile kabla wala baada.

Tuliporudi nyumbani tulilipa. Unajua. Tulipoita watu kwenye shamba letu, pombe ilikuwepo na watu hawakuwepo. Walikuja wazee wawili na mjane mmoja, wakanywa kidogo, wakavuna kidogo, wakaenda. Ulezi tuliukata sisi wanne, suke kwa suke, siku baada ya siku, katika ule upepo wa baridi unaopasua midomo. Jirani mmoja alipita njiani akauliza kwa dharau, "Mwalimu, bembea zimekuja kukusaidia kuvuna?" Nawe, mwenye kisu mkononi, ukamjibu, "Zimekuja, ndizo hizi nne." Nikainama nisionekane ninavyotabasamu. Kule shambani mliimba, mligombana, mlikumbushana mama yenu na usukani. Ulikuwa umeacha kula umesimama.

Kwa hiyo mtu asiniambie nilipoteza mavuno. Nilivuna.

Sasa yaliyotokea leo jioni, baada ya wewe kutoka. Gaspari alifika kutoka Msanzi na mfuko wa unga wa ulezi kwa ajili yako, aliufunga kamba mwenyewe. Uuchukue, na ukifika umwandikie umshukuru, kwa maana anakupenda kwa namna yake. Alikula, akanawa, kisha akanitolea lile alilolibeba njia nzima.

"Ulimpandisha bembea," akasema, "sasa hataki kushuka."

Nikamjibu, "Kaka, gurudumu lile humrudisha mtu palepale alipopandia."

Mama yako akasema, "Mwalimu amejibu." Gaspari akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa, na hatukurudia.

Lakini wewe nakuambia ukweli ambao sikumwambia yeye. Nilisema vile ili kumnyamazisha. Sijui kama utarudi. Chuo ni miaka, na mji ule wa Dar unameza watu wazima wakiwa wamefunga vifungo vya koti. Unaweza kupata kazi huko, ukapata mke huko, ukaanza kusema "huko kwenu bara" ukizungumza na mimi. Nimeliwaza hilo vizuri, nikiwa na akili timamu, na nimeona kwamba hata ikiwa hivyo, hata kama ni lile gurudumu ndilo lililokuonyesha bahari ukaitamani, ningekata tiketi zilezile tena. Ningeacha ulezi uleule usimame shambani. Ningekupandisha. Atakayeniuliza kama najuta aulize akiwa ameketi, maana jibu langu ni refu.

Hata kuaibika sikukatazi. Utaaibika sana mwaka wa kwanza. Kwa matamshi yako, kwa sweta lako, kwa kukosa kujua kitu ambacho kila mtu anakijua. Utasema "siwajui" mara nyingine, kuhusu mimi au kuhusu jambo lingine lililo lako. Mtu hawezi kushika chuma kwa mikono yote miwili na kupiga makofi wakati huohuo. Mkono mmoja lazima uachie kwanza, na kila mtu huachia kwa wakati wake. Mimi si wa kukuharakisha.

Ila umeniomba nisije stendi, na jibu langu ni hili. Nitakuja.

Nitakuja na lile koti la kahawia usilolipenda. Sitakukumbatia mbele ya washikaji wako. Sitamweleza dereva jinsi breki zinavyofanya kazi, ingawa nitakapoyaona matairi yake itanibidi nijiume ulimi. Nitasimama upande wa pili wa barabara, karibu na yule mama wa maandazi, na mama yako na Leokadia watakuwa pembeni yangu. Kwetu anayeondoka huagwa kwa makofi, na wewe ni mtu unayeondoka. Basi likiwasha moto tutapiga, taratibu, viganja vimekunjwa, hadi lipotelee njia ya Laela.

Washikaji wakikuuliza wale ni nani, jibu utakavyoweza. Sitasikiliza safari hii. Na ukitaka kulifunga dirisha kwa sababu ya vumbi, lifunge.

Dirisha ni lako. Makofi ni yangu.

Baba yako